Bionic Commando: Gemu Iliyokataa Kuruka

Kufikia mwaka 1988, yeyote aliyeshika pedi ya Nintendo alijua kwamba kitufe kimoja ni cha kupiga na kingine ni cha kuruka. Mario anaruka, Mega Man anaruka, na hata mashujaa wa gemu ambazo hakuna anayezikumbuka leo waliruka. Ndipo kampuni ya Kijapani ya Capcom ikatoa Bionic Commando. Humo askari Radd Spencer, mwenye mkono wa bandia wa chuma wenye nguvu za ajabu, akikutana na pipa linalomfika kiunoni anakwama hapo hapo. Haruki, na hakuna kitufe cha kumrusha. Ili avuke pipa hilo lazima anyooshe mkono, kulabu inase kitu kilicho juu, ajivute au abembee mpaka upande wa pili.

Kwa zaidi ya miaka 20 wachambuzi na watengenezaji wamekuwa wakiliona jambo hilo kama kilema cha kuvumilia, na kila kizazi kipya kilichokabidhiwa msururu huu kilikuja na dawa yake. Historia yake inaonyesha kinyume. Uamuzi wa kumnyima mchezaji kuruka ndio ulioshikilia gemu nzima, na kila walipoulegeza, majukwaa, mitego na mabosi, yaani maadui wakubwa wanaolinda mwisho wa eneo, vilibaki bila kazi ya maana.

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko Spencer. Tokuro Fujiwara, mtu aliyelibuni, alianzia kampuni ya Konami, na mwaka 1983 alitengeneza Roc'n Rope kwa ajili ya mashine za kutumbukiza sarafu. Ndani yake mpelelezi hupanda miamba kwa kurusha kamba inayonasa kwenye ukingo wa juu, kisha huiparamia hadi kumfikia ndege aliye kileleni. Hakukuwa na kubembea: kamba ilikuwa ngazi tu, tena ngazi ambayo maadui nao waliweza kuipanda. Fujiwara akahamia Capcom, akatengeneza Commando na Ghosts'n Goblins mwaka 1985, na mwaka 1987 akairudia kamba yake. Safari hii aliifunga kwenye bega la mwanajeshi na kuipa mwendo. Japani gemu hiyo ya mashine iliitwa Top Secret, na Marekani ikaitwa Bionic Commando.

Toleo hilo la kwanza ni zuri lakini lina haraka mno. Lilitengenezwa kwa hesabu ya mashine za sarafu, yaani mchezaji afe mapema ili atumbukize nyingine. Mkono upo, pembe zake zipo, lakini maadui wanamiminika kiasi kwamba hupati nafasi ya kufikiri. Wengi barani Ulaya waliijua zaidi kupitia kompyuta za nyumbani za mwaka 1988, hasa Commodore 64, ambako Tim Follin alizipa nyimbo za Harumi Fujita sura ambayo mpaka leo baadhi ya watu wanaipenda kuliko gemu yenyewe. Sina ugomvi nao.

Toleo la Famicom, mashine ya nyumbani ya Nintendo ambayo nje ya Japani iliitwa NES, ndilo lililojenga jina. Lilitoka Japani Julai 1988 na Marekani Desemba mwaka huo huo. Halikuwa nakala ya gemu ya mashine. Fujiwara na wenzake walilisuka upya kutoka mwanzo, na muziki wake ukatungwa na Junko Tamiya. Kisiasa lilikuwa na mkasa wake: jina la Kijapani lilitangaza wazi kufufuka kwa Hitler, na maadui walikuwa Wanazi. Kwa soko la Marekani swastika ziliondolewa na nembo ya tai ikawekwa badala yake, jeshi likaitwa Badds, na Hitler akapewa jina la Master-D. Cha ajabu ni kwamba sura yake haikuguswa. Ni yule yule, na mwishoni kichwa chake kinapasuka mbele ya macho yako, picha kwa picha, kwenye kifaa cha kampuni iliyosifika kwa kubana damu na dini katika gemu zake. Waliochuja majina hawakuchuja picha.

Turudi kwenye mkono, kwa sababu humo ndimo hoja ilimo.

Spencer ana pembe tatu tu za kurusha. Akisimama na kubonyeza kitufe cha mkono, kulabu inatoka mshazari kwenda juu, upande anaoutazama, kwa nyuzi 45. Akishikilia mshale wa juu, inakwenda wima. Akichuchumaa, inakwenda mlalo. Urefu wa waya haubadiliki. Basi. Hakuna kulenga, hakuna kuzungusha, hakuna kurefusha.

Nyuzi 45 zina faida moja ambayo mchezaji anaielewa kwa misuli kabla hajaielewa kwa akili: umbali wa kwenda mbele ni sawa na urefu wa kwenda juu. Dari likiwa juu yako kwa kimo cha watu watatu, kulabu itanasa kimo cha watu watatu mbele yako. Kwa hiyo kila jukwaa lililo juu ni swali la mahali pa kusimama. Ukisogea mbele sana, kulabu inapita ukingo na kugonga hewa. Ukirudi nyuma sana, waya hauifikii dari. Ukinasa karibu mno na ukuta, unabembea na kujigonga, na mwendo wote unakufa. Mkono ukikosa, lazima usubiri waya urudi ndani ndipo urushe tena, na kama uko hewani unapokosa, muda huo ndio unaokuua.

Kuunganisha bembea moja na nyingine kuna hatua zake. Nasa mshazari, mwili unaanza kubembea wenyewe. Usiachie ukiwa chini katikati ya bembea, ingawa hapo ndipo kasi ni kubwa na kidole kinawasha. Subiri ufike mbele, karibu na kilele, ndipo uachie, na Spencer ataruka mbele katika upinde. Rusha tena akiwa bado anapanda au anapoanza tu kushuka. Wanaoanza hukosea mahali pamoja karibu wote: wanarusha wakiwa wameshashuka sana, kulabu inanasa ukingo wa chini au inapita chini ya jukwaa kabisa, na shimo linawapokea. Dawa yake si kuharakisha vidole. Dawa ni kuangalia jukwaa linalofuata, sio mwili wa Spencer. Ukiona ukingo wake uko mshazari na bega lake, bonyeza.

Sasa weka kitufe cha kuruka ndani ya mfumo huo. Mchezaji akiweza kuruka hata kimo chake mwenyewe, hesabu ya mahali pa kusimama inavunjika, maana kosa la kusimama linafutwa kwa kuruka kidogo. Pipa linarudi kuwa pambo. Shimo la upana wa hatua mbili, ambalo lilimlazimu mchezaji atazame dari, linakuwa shimo la kawaida kama yale ya gemu nyingine mia. Mbunifu naye inabidi apanue mashimo na kuinua kuta ili mkono upate kazi, na akishafanya hivyo, sehemu ndogo ndogo za katikati, zile zilizokuwa zikimfundisha mchezaji bila maneno, zinatoweka.

NES iliujenga ulimwengu wake wote juu ya ugumu huo, na ilijua kuupoza. Spencer anaanguka kutoka kimo chochote bila kuumia, ila tu asitumbukie shimoni au kwenye miiba. Hiyo si huruma. Bila hiyo, kila kurusha kulikokosa kungekuwa kifo na hakuna ambaye angejaribu bembea ngumu. Vile vile afya: unaanza bila akiba yoyote, risasi moja inakumaliza, lakini maadui wakifa wanaacha risasi, na ukizikusanya za kutosha unajengewa vipimo vya afya kimoja baada ya kingine. Mchezaji anayekaa eneo la kwanza na kuvuna kwa subira anaingia maeneo ya baadaye akiwa na kifua kipana. Anayekimbia anaumia. Sioni gemu nyingine ya mwaka huo iliyopatanisha uvumilivu na ukatili kwa namna hii.

Ramani nayo ilikuwa kitu kipya. Helikopta inakupeleka eneo unalochagua, na njiani malori ya adui yanatembea. Ukikutana na lori, gemu inageuka na kutazamwa kutoka juu, kwa mtindo wa Commando ya 1985, na humo ndimo unamookota nafasi za kuendelea baada ya kufa. Gemu inaanza bila hata moja. Kuna maeneo ya amani ambamo ukifyatua risasi unaletewa askari wa kukuadhibu. Kabla ya kutua unachagua silaha, kifaa na redio ya mawasiliano, na redio ziko za aina kadhaa. Hapa ndipo wengi walipoona gemu imeharibika: ukiingia eneo na redio isiyo yake, chumba cha mawasiliano hakikufai kitu, na usipowasiliana na makao makuu mlango wa kwenda kwa bosi haufunguki. Unazunguka, unaua kila kitu, mlango umefungwa. Gemu ni nzima kabisa. Wewe umekuja na redio ya kwingine.

Na mwisho wake ni mtihani wa mkono ule ule. Baada ya chombo kikuu, Albatross, kuharibiwa, unamkuta Master-D anatoroka kwa helikopta. Unajitupa, na ukiwa unaanguka una nafasi finyu ya kufyatua bazuka ipite kwenye kioo cha rubani. Ngome inabakiwa na sekunde 60 ilipuke. Gemu iliyokukataza kuruka muda wote inamalizia kwa kukuamuru uanguke.

Baada ya hapo mambo yalikwenda polepole. Game Boy, mashine ya mkononi ya Nintendo, ilipata toleo lake mwaka 1992, hadithi ile ile ikisukumwa kwenye siku zijazo na Hitler akiwa ameondolewa kabisa. Skrini ndogo ilibana mtazamo, dari nyingi hazionekani mpaka uwe chini yake, lakini pembe zilibaki. Elite Forces ya Game Boy Color, iliyofika Marekani mwaka 2000, ilitengenezwa na Nintendo Software Technology, sio Capcom, na ilikuruhusu kuchagua askari wa kiume au wa kike. Ni kazi safi, nadhifu, isiyothubutu. Yote mawili hayakuruka.

Kisha GRIN. Kampuni hiyo ya Stockholm ilipewa na Capcom kazi mbili kwa mkupuo: gemu kubwa ya 3D, yaani yenye kina na pande zote, na pembeni yake Bionic Commando Rearmed, toleo jipya la gemu ya NES la kuuzwa kwa kupakuliwa kwa dola 10. Rearmed ilitoka Agosti 2008, na kwa maoni yangu ndiyo kazi bora ya msururu mzima. Walifahamu cha kugusa na cha kuacha. Silaha sasa unabadilisha ukiwa ndani ya eneo, jambo lililoondoa safari za bure za kurudi ramani. Mabosi, ambao katika NES wengi wao walikuwa wadhaifu mno, walibuniwa upya ili wapigwe kwa kutumia mkono. Kukawekwa vyumba vya mazoezi vya bembea tupu, vyenye saa. Nyimbo za Tamiya zilipigwa upya na Simon Viklund kwa midundo ya kielektroniki bila kupoteza sauti zake za asili. Kuhusu kuruka, hawakugusa. Spencer wa 2008 anakwama mbele ya pipa sawasawa na yule wa 1988, na maelfu ya watu ambao hawakuwahi kushika NES walijifunza kumvusha.

Ile gemu kubwa ilitoka Mei 2009, na hapa ndipo ubishi unapochacha. Maelezo yanayorudiwa kila mahali ni kwamba iliangushwa na hadithi yake. Ni kweli hadithi ni ya kustaajabisha: Spencer, kwa sauti ya Mike Patton, mwimbaji wa bendi ya Faith No More, anamtafuta mkewe aliyepotea, na mwishoni anagundua kwamba mkewe alitumika katika kuufanya mkono wake ufanye kazi. Watu walicheka, na bado wanacheka. Lakini hakuna aliyeacha gemu saa ya pili kwa sababu ya jambo linalofichuliwa saa ya mwisho.

Tatizo liko kwenye kubembea kwenyewe, na inafaa kulieleza kwa haki kwa sababu nusu yake ni nzuri ajabu. Ukiwa kwenye anga pana la Ascension City, ukinasa nguzo ya taa, ukiachia bembea inapopanda mbele na kunasa ukingo wa jengo lingine, mwili wako wote unaamini. Mwendo ule GRIN waliupatia. Kilichokosekana ni kipimo. Katika 2D, yaani picha bapa inayotazamwa kutoka ubavuni, kulabu inafika pale tu pembe inapofika, na jicho linaona kila kitu. Katika 3D unalenga kwa alama katikati ya skrini, umbali wa kwenda ndani huwezi kuukadiria vizuri, na kamera inageuka wakati ule ule unaotakiwa kuamua. Ili mji usimwache mchezaji azurure, waliuzungushia mionzi: maeneo ya rangi ya buluu yanayokuua ukikawia ndani. Yaani bembea nzuri, ile ndefu ya kishujaa, mara nyingi ilikutupa kwenye buluu ukafa, na ukarudishwa mbali. Maji nayo yalimzamisha Spencer kwa uzito wa mkono. Gemu ilikufundisha kubembea kwa woga.

Na aliruka. Ardhini, Spencer wa 2009 ana kitufe cha kuruka kama kila mtu, kwa hiyo unapokuwa chini ni askari wa kawaida anayejificha nyuma ya matofali na kufyatua bunduki zenye risasi chache. Mkono ukawa usafiri wa kutoka pambano moja kwenda jingine. Mauzo yakawa mabaya. GRIN, iliyokuwa imetoa pia Wanted: Weapons of Fate na Terminator Salvation mwaka huo huo na kupoteza mradi wa kampuni ya Square Enix uliofutwa, ilifunga milango Agosti 2009. Ndugu Bo na Ulf Andersson walioianzisha, pamoja na Viklund, walikwenda kampuni ya Overkill na kutengeneza gemu ya Payday, kwa hiyo tusiwalilie sana.

Rearmed 2 ilikabidhiwa Fatshark, nao wa Stockholm, ikatoka Februari 2011. Spencer alifuga masharubu na akapata kitufe cha kuruka. Huu ndio ushahidi mkubwa wa hoja yangu, kwa sababu karibu kila kitu kingine kilibaki kilekile: 2D, pembe, mtindo wa picha. Ungetegemea iwe nyepesi zaidi kuchezeka, na ni kweli, ila ni nyepesi bila ladha. Maeneo mengi unayapita kwa kuruka na kutembea, mkono unaukumbuka inapobidi. Wabunifu waliona hilo, wakaanza kutawanya siri na nyongeza mahali pa juu ili kukulazimisha kubembea, yaani kilichokuwa njia kikawa hiari ya wakusanyaji. Toleo la PlayStation 3 lilidai pia uwe umeunganishwa na mtandao wa Sony ndipo likubali kuwaka, na mtandao huo ulipozimika Aprili 2011 wanunuzi walibaki na gemu ya mchezaji mmoja isiyochezeka.

Kuna anayeweza kunipinga kwa kunionyesha Umihara Kawase, na pingamizi hilo ni zito. Gemu hiyo ya Super Famicom ilitoka Desemba 1994. Kiyoshi Sakai aliandika programu yake, na Toshinobu Kondo alichora msichana mwenye mkoba mgongoni na uzi wa kuvulia samaki. Msichana huyo anaruka, na bado hakuna gemu ya kulabu yenye kina kama yake. Uzi wake ni wa mpira. Unarefushwa, unavutwa, unahifadhi nguvu: nasa ukingo wa jukwaa, jiachie uning'inie, urefushe uzi mpaka unyooke, kisha uvute ghafla, na mpira unakurusha juu kupita pale uliponasa. Anayeanza hutumia jioni nzima kujifunza kurusha huko kumoja. Hakuna pembe tatu hapa; kuna fizikia, na mchezaji anaisoma kwa mkono.

Lakini tazama kuruka kwake kunamfikisha wapi. Ni karibu bure: kimo kidogo, umbali mdogo, na majukwaa yamepangwa yakilijua hilo. Kuruka kunamsaidia kurekebisha mahali pa kunasia, uzi unafanya safari yote. Kwa hiyo nalegeza kidogo: sheria ya Fujiwara haikuwa lazima iwe marufuku kabisa. Ilichohitaji ni kwamba kusiwe na jambo lolote la maana linalofikiwa bila kamba. Sakai alilitimiza hilo kwa kuruka kufupi, Fujiwara kwa kutoruka kabisa, na Fatshark hawakulitimiza. Nao msururu wa Umihara umeendelea kupata matoleo, Sayonara mwaka 2013, Fresh! mwaka 2019, BaZooKa mwaka 2020, kwa bajeti ndogo na wateja wachache waaminifu, wakati Spencer hajapata gemu yake tangu 2011.

Anayetaka kuanza leo aanze na Rearmed kwenye kompyuta, kisha arudi NES akiwa na pembe tayari mikononi. Toleo la mashine ya sarafu limo ndani ya Capcom Arcade Stadium ya 2021, ila lisiwe la kwanza. Na kwenye NES, mwanzoni usiyakwepe malori. Yafuate, vuna nafasi za kuendelea, rudi eneo la kwanza ukusanye risasi mpaka uwe na angalau vipimo vichache vya afya, na kabla ya kutua popote hakikisha umebadilisha redio.